Lori la Ukoo Linagonga

Kwanza ieleweke kwamba Bernadeta hakuwa mtu wa kuambiwa. Wapo watu ambao ukiwaonya kuwa mbele kuna shimo watakushukuru na kulizunguka. Bernadeta angesimama, aliangalie shimo, kisha akuulize wewe ni nani na nani kakutuma. Kwa miaka ishirini na mbili, kwanza kwa magari ya watu, alikuwa akishusha mboga kutoka vijiji vya juu ya Nyandira hadi Morogoro mjini, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupindua gari, hakuwahi kuozesha mzigo wa mtu, na hakuwahi kukubali kosa. Mawili ya kwanza yalimpa jina. Hilo la tatu nusura limpokonye lori.

Udereva aliupata kwa baba yake, mzee Severini, aliyekuwa dereva wa misheni. Mzee huyo hakujaliwa mtoto wa kiume, na alipochoka kungoja akampandisha binti yake mkubwa kwenye usukani akiwa na miaka kumi na sita. Watu walisema. Walisema msichana anayezoea kukanyaga klachi hatapata mume. Alimpata, wakazaa Gervas, na ndiyo maana mpaka leo wengi humwita Mama Gervas. Mume alipokwenda kutafuta kazi za reli huko Kisaki na kusahau njia ya kurudi, watu wakasema tena. Bernadeta akanunua kopo la rangi nyekundu, akapanda ngazi, akaandika juu ya kioo cha mbele cha lori kwa herufi zilizopinda: MTACHOKA WENYEWE.

Lori lenyewe, la kubeba tani nne, halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la ukoo. Miaka kumi na miwili iliyopita ukoo ulikata mikaratusi yake ya kando ya mto, ukauza mbao, ukanunua lori lililokwisha kutumika, na kwa kuwa hakuna mwingine mle aliyejua kuendesha, ufunguo ukakaa kwa Bernadeta. Na kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Mashamba hupita kwa mama, mtoto huhesabiwa kwa mama yake, na mkubwa wa mambo yote ni mjomba. Mjomba wa Bernadeta, mzee Athanas, ndiye aliyekuwa na kauli juu ya mashamba, mikaratusi na hilo lori. Lakini mtoto wake wa kumzaa, Alois, hakuwa na haki hata ya tawi la mkaratusi, kwa sababu Alois alikuwa wa ukoo mwingine, wa mama yake. Jambo hilo lilimuuma mzee Athanas kuliko alivyowahi kusema. Alimpenda sana Alois, na Alois alitaka kufungua duka.

Basi kipupwe cha mwaka huu kikaingia, na lori likaanza kugonga.

Lilianza wiki ya mwisho ya Juni, asubuhi moja ambayo ukungu ulikuwa umelala mpaka kwenye vizingiti vya nyumba na maji ya ndoo yalikuwa yanauma vidole. Bernadeta alipanda, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikashika, kisha ikaanza: ko, ko, ko, ko, kama kuna mtu amefungiwa mle ndani na nyundo, anataka kutoka. Sauti ikavuka bonde, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Mbwa wa ng'ambo wakabweka. Bernadeta akakaa ameshika usukani, na kwa mara ya kwanza tangu ajue gari aliogopa kukanyaga mafuta. Baada ya dakika kumi hivi injini ikapata moto na kugonga kukakoma kabisa. Akashusha pumzi, akashuka na kabichi zake mjini, na hakumwambia mtu.

Kana kwamba kulikuwa na haja ya kumwambia mtu! Kesho yake likagonga tena, na kesho kutwa. Kila alfajiri kijiji kizima kiliamshwa na lori la Mama Gervas, na kila mwenye masikio akageuka fundi. Mmoja alisema ni pistoni, mwingine akasema ni nozeli, na wa tatu, ambaye maisha yake yote hajamiliki hata baiskeli, akasema mtu ametupa kitu kwenye tangi. Alois ndiye aliyesema kwa sauti zaidi. Alikaa kibandani pa chai, akatingisha kichwa kama mganga aliyekata tamaa, akasema: "Injini imekwisha ile. Siku moja itakatika kwenye kona na kabichi za watu zitaishia korongoni." Wiki haikuisha, wakulima wawili wa karoti wakahamia kwa lori lingine. Mwingine wa njegere akamwambia Bernadeta, bila kumwangalia usoni, kwamba mwaka huu mavuno yake ni kidogo, atabeba kwa pikipiki.

Bernadeta hakubisha. Alizidisha tu kuondoka mapema, na akikutana na mtu njiani alipiga honi ndefu kuliko ilivyohitajika.

Jumapili moja ya Julai, baada ya Misa, mzee Athanas aliita kikao cha ukoo uani kwake. Walikaa kwenye viti na magogo, kila mtu na sweta lake, na Alois akasimama nyuma ya kiti cha baba yake ingawa si kikao cha ukoo wake. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa heshima ya mzee. Bernadeta alifika mwisho, akamwamkia mjomba wake: "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

Akakaa karibu na mdogo wake, Janeth. Mzee Athanas hakuzunguka. Alisema lori linakufa mikononi mwao, na kwamba kitu kinachokufa huuzwa kikiwa bado kinasimama. Alois ana mtu mjini, ananunua magari ya namna hiyo.

"Ananunua akaendeshe au akakatekate?" Bernadeta akauliza.

"Akishalinunua ni lake."

"Mjomba, lori halifi. Linasikia baridi."

Watu wakacheka. Mzee Athanas naye alicheka kidogo, akapapasa miguu yake. "Hata mimi nasikia baridi, mwanangu. Lakini magoti yangu hayaamshi kijiji."

"Yangeamsha, tungekuuza?"

Kicheko kikakatika. Janeth alimkanyaga dada yake mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Haisemwi hivyo kwa mjomba, na Bernadeta alilijua hilo vizuri kuliko wote waliokuwa wakimkodolea macho. Mzee Athanas akasema polepole: "Jumamosi alfajiri nitakuja mwenyewe kwako, kabla hujawasha. Mnunuzi atakuwepo. Nitasikiliza kwa masikio yangu. Likigonga, linakwenda naye."

Bernadeta hakujibu. Wote wakauchukua ukimya wake kuwa ni kukubali, na hapo walikosea sana.

Jumatatu aliteremka na mzigo, akashusha sokoni, kisha akaenda moja kwa moja hadi Bigwa, kwenye gereji ya Hamza. Hamza alikuwa fundi wa dizeli, mtu mwembamba mwenye utani mwingi, na kwa miaka minane hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kugusa injini ile. Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limesimama juu ya mabati na hata vumbi lilikuwa la moto. Hamza akawasha, akasikiliza, akazima, akawasha tena. Injini ilinguruma vizuri, bila kosa.

"Mama Gervas, kati yako na gari nani anaumwa?"

"Linagonga alfajiri."

"Alfajiri ya wapi? Mimi hapa alfajiri nalala bila shuka."

"Alfajiri ya kwangu."

Hamza akachungulia huku na kule, akapima oili kwa kijiti chake, akaona kimo kinatosha. "Oili ni ile ile niliyokuambia?"

"Ile ile," Bernadeta akajibu, akili yake ikiwa kwenye Jumamosi.

"Basi sioni kitu. Siwezi kutibu ugonjwa ambao ukiniona unapona."

Hapo Bernadeta akapandwa na hasira, hasira ya mtu ambaye amebaki na siku tano tu. Alimwambia Hamza kwamba injini haigongi Bigwa kwa sababu Bigwa ni tanuri, na kwamba fundi anayesubiri ugonjwa umfuate kwenye joto lake si fundi. "Alhamisi nakuja kukuchukua. Utalala kwangu. Ijumaa alfajiri utasikia."

"Huko juu? Mwezi huu? Mama, nina mke na watoto."

"Lete na sweta."

Alhamisi jioni Hamza alipanda mlima akiwa amevaa masweta mawili na kofia ya sufu ya mtoto wake. Yakobo, utingo wa Bernadeta, mtu wa miaka sitini aliyeanza kazi ya utingo tangu lori likiwa jipya kwa ukoo, alimcheka njia nzima. Lakini Ijumaa alfajiri, kabla hakujapambazuka vizuri, hakuna aliyecheka. Ubaridi ulikuwa umeshika kila chuma. Hamza alifungua boneti, akamwomba Bernadeta awashe, akachukua bisibisi yake ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni.

Ko, ko, ko, ko.

Alihamisha bisibisi hapa na pale, uso wake umekunjamana. Kisha akapiga kelele: "Zima! Zima haraka!" Bernadeta akazima. Hamza alivuta kijiti cha oili, akakiinua kwenye mwanga wa tochi. Oili haikudondoka. Ilining'inia pale kwenye ncha, nzito, ikasitasita, ikajivuta chini polepole kama uji uliopoa.

"Nani kaweka hii?"

Yakobo akaangalia viatu vyake.

"Nauliza, nani kaweka oili hii? Hii ni ile nzito, ya magari ya bondeni. Kwenye joto ni sawa, inaziba mianya, gari halitoi moshi. Lakini huku! Usiku ikiganda hivi, asubuhi unawasha, pampu inaivuta haivutiki. Vyuma vinasagana vikavu mpaka ipate moto. Hiyo ndiyo nyundo yako. Nani?"

Bernadeta alikuwa bado ameketi kwenye usukani. Hapo ndipo alipokumbuka, au tuseme hapo ndipo alipokosa mahali pa kujificha asikumbuke. Mwezi wa nne alikuwa amepeleka kabichi Gairo na kurudi na mahindi. Kwenye maegesho pale, dereva mmoja wa malori makubwa, mtu wa maneno mengi, alimwambia kwamba injini ya umri ule inataka oili nzito, na kwamba mafundi wa mjini hawasemi kwa sababu wanataka gari liharibike wapate kazi. Yakobo alimwambia, "Hamza alikataza, mama." Na kwa kuwa aliambiwa, akaiweka. Alisimama palepale kwenye jua la Gairo, akamwaga ya zamani, akamimina nzito, na akarudi mlimani akijiona mjanja kuliko mafundi wote wa mkoa. Miezi miwili lilikwenda vizuri. Kisha baridi ikaja.

Ulimi ulikuwa tayari kutaja dereva wa Gairo, au duka lililouza, au hata Yakobo. Maisha yake yote ulimi huo haujawahi kukosa mtu wa kumtaja.

"Mimi," akasema. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Hamza alikuwa amejiandaa kwa ubishi, kwa hiyo hakujua la kufanya na jibu hilo. Akafuta mikono yake. "Haya. Tunateremka, tunamwaga, tunaweka nyepesi na filta mpya. Lakini nikuambie ukweli, Mama Gervas. Limegonga wiki nne. Beringi zimelika kidogo na pistoni zimelegea kidogo. Injini haijafa, ina miaka mingi bado. Ila kesho asubuhi ukiwasha, litagonga."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka oili ifike juu. Sekunde kumi, kumi na mbili. Kisha kimya."

"Sekunde kumi zinatosha kuniuzia lori."

"Hizo siwezi kuziondoa mpaka nifungue injini, na kuifungua ni kazi ya wiki mbili."

Basi wakafanya la oili tu. Ijumaa hiyo hiyo oili ilimwagwa Bigwa, nyeusi na nzito, na nyepesi ikaingia. Jioni Bernadeta na Yakobo walirudi peke yao. Walipokuwa wakiegesha, Yakobo aliangalia huku na huku, akasogea karibu.

"Mama Gervas, kuna njia. Kesho tuamke mapema, tutie makaa ya moto kwenye karai, tulisukume chini ya sampu ya oili. Nusu saa tu. Oili itakuwa vuguvugu, utawasha, litalia kama mchana wa Bigwa. Mzee atarudi nyumbani, mnunuzi atarudi kwao, yameisha."

Bernadeta aliegemea tairi. Lilikuwa wazo zuri, tena rahisi, na alilitamani kwa moyo wake wote. Aliona kabisa uso wa Alois ukiporomoka. Aliona wale wa karoti wakirudi mmojammoja na maneno matamu. Alikaa nalo wazo hilo mpaka Yakobo akadhani amekubali na kuanza kutafuta karai.

"Acha," akasema.

"Kwa nini, mama?"

"Nikiweka moto Jumamosi, Jumapili nitaweka nini? Kila alfajiri ya maisha yangu niwe naficha makaa kama mwizi? Lori langu halijifichi, na mimi sijifichi. Litagonga, wasikie. Kalale."

Jumamosi watu walikuja wengi kuliko walioitwa. Mzee Athanas alikuja na fimbo yake na koti zito, Alois kando yake, na mnunuzi, mwanamume mwenye jaketi jipya ambaye alikuwa anapigapiga bodi ya lori kwa vidole kana kwamba tayari ni lake. Kando ya barabara kabichi za Janeth na wanawake wengine wa ukoo zilikuwa zimerundikwa tangu jana, na wenyewe wamesimama nyuma yake wamejifunika khanga mpaka puani. Hakuna aliyekuwa amepakia. Walikuwa wanangoja kujua kama kuna lori.

Mzee Athanas aliinama kwa shida, akapitisha mkono chini ya injini, akagusa sampu kwa kiganja aone kama imepashwa moto. Ilikuwa baridi kabisa. Akainuka, akafuta kiganja kwenye koti.

Bernadeta alifungua mlango, akapanda mpaka kwenye kidato, akageuka kuwaelekea.

"Kabla sijawasha, nisikilizeni. Litagonga. Sifichi. Litagonga kwa muda mfupi, halafu litanyamaza. Na aliyelifanya ligonge si mzimu, si uzee, si Mungu. Ni mimi. Niliweka oili ya bondeni kwenye gari la mlimani. Niliambiwa nisiweke, nikaweka."

Janeth alijishika mdomo. Maisha yake yote alikuwa na dada huyo, na hakuwahi kusikia sentensi ya namna hiyo ikitoka pale. Mwanamke mmoja nyuma akanong'ona, "Anaumwa?"

Bernadeta akaingia, akazungusha ufunguo.

Ko, ko, ko, ko. Watu wakatazamana. Yakobo alikuwa anahesabu kwa midomo. Nane. Tisa. Kumi. Bernadeta alikaza meno, mikono kwenye usukani, akijizuia asikanyage mafuta. Kumi na moja. Kumi na mbili. Na kumi na tatu haikuja. Injini ilijikusanya, ikatulia, ikaendelea kunguruma taratibu kwenye ukungu.

"Limegonga," Alois akasema kwa haraka. "Baba, umesikia. Wote mmesikia."

"Nimesikia," mzee Athanas akasema. Aliinua uso kuelekea dirisha la dereva. "Bernadeta, nilisema likigonga linauzwa."

"Ulisema wewe, mjomba. Mimi sikusema."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo."

"Ndiye. Sibishi, na siku ile nilikukosea kwa mdomo wangu, nisamehe." Alisema hilo kwa sauti ile ile kali, ili asije mtu akadhani amelainika. "Lakini lori hili limetoka kwenye mikaratusi ya bibi yetu. Baada yangu mimi ni Gervas na watoto wa Janeth. Alois ni ndugu yangu, akija kwangu anakula na analala. Ila humu hana hata bolti moja, na wewe unajua. Unataka kumpa duka, mpe kwa jasho lako. Usimpe kwa lori letu."

Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo mbele ya watu, ingawa kila mtu alilisema nyumbani kwake. Mzee Athanas alibadilika rangi. Aliinua fimbo kidogo, na kwa muda Bernadeta alidhani atampiga nayo, hata pale alipo, kupitia dirishani. Alimhurumia. Alijua mzee hakuwa mwizi, alikuwa baba tu. Lakini Bernadeta hakufuta neno lake hata moja.

Ndipo aliposikia kishindo nyuma. Kwenye kioo cha pembeni aliona Janeth ametupa kabichi ya kwanza ndani ya bodi. Ya pili ikafuata. Kisha wanawake wote wa ukoo wakainama kwa pamoja, wakapanga mstari, kabichi zikaanza kupita mkono kwa mkono, na Yakobo akaruka juu kuzipokea kama kijana.

"Nani kawaambia mpakie?" mzee Athanas akapaza sauti.

"Hakuna, mjomba," Janeth akajibu bila kusimama. "Shamba letu, kabichi zetu, gari letu. Tukisubiri mmalize, zitaoza."

Bernadeta hakuwa amewaomba. Macho yalimjaa machozi ghafla, akayafuta kwa mkono wa sweta na kujifanya anasafisha kioo. Mnunuzi alimwangalia Alois, Alois akamwangalia baba yake. Mnunuzi akasema kwamba yeye hakuja kugombana na kina mama, akajifunga zipu ya jaketi na kwenda kutafuta pikipiki yake.

Mzigo ulipojaa na turubai kufungwa, mzee Athanas alikuwa bado amesimama mbele ya lori, katikati ya barabara, mdogo ndani ya koti lake. Hakusogea. Bernadeta aliingiza gia. Hakupiga honi. Alitoa kichwa nje.

"Mjomba, panda au pisha."

Mzee aliangalia barabara nyuma yake, akamwangalia Alois aliyekuwa anachokonoa udongo kwa kiatu, akaliangalia lori. Kisha akazunguka upande wa abiria. Yakobo alimnyooshea mkono, mzee akausukuma kando. Alipanda mwenyewe, kidato kwa kidato, akiguna kwa magoti, akakaa na kuweka fimbo katikati ya miguu.

Waliondoka. Wakavuka daraja la mto. Baada ya daraja kuna kilima ambacho kila dereva wa kule anakiheshimu, maana gari lililochoka hujitangaza pale. Bernadeta alipunguza gia, akakanyaga. Tani nne za kabichi zikavuta nyuma. Mzee Athanas aliinamisha kichwa mpaka sikio likawa karibu na magoti yake, akasikiliza kutoka mwanzo wa kilima mpaka kileleni. Injini ilinguruma, nzito na safi, bila nyundo.

Akainuka, akarekebisha koti lake.

"Hiyo oili mpya," akasema, macho yake yakiwa mbele, "umeiweka wewe au fundi?"

"Fundi."

"Afadhali."

Bernadeta alifungua mdomo ili amjibu. Akaufunga, akabadilisha gia, na wakaendelea kuteremka kuelekea Mgeta.